Muulize Ami: Si Kila Uwanda Unaomba Miti

Barua mbili zimenifikia katika wiki moja, moja imetoka Uingereza na nyingine Mambrui. Nilipozisoma mara ya pili nikaona zinauliza jambo moja, kwa hiyo nimezipa karibu nafasi yote ya safu hii. Ya tatu ni fupi, ya kijana wa Gede, nimeiweka mwisho.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni mtoto wa Malindi, wa Shela, ila mwaka wa nne huu niko Wareham, Dorset, kusini mwa Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Siku ya mapumziko hupenda kutembea kwenye uwanda mmoja mkubwa hapa karibu. Ni mchanga mtupu na vichaka vya hetha vinavyonifika magotini, na ukifika mwezi wa nane kote kunageuka zambarau. Wanapaita hifadhi. Lakini Ami, nimeona kwa macho yangu watu wa kujitolea wakiangusha misonobari kwa msumeno wa mashine na kung'oa miche michanga kwa mikono. Tena wameachia ng'ombe na farasi wadogo walishe humo humo. Mzee mmoja ninayemhudumia, aliyezaliwa hapa, ananiambia wakati wa baridi huichoma hetha kwa makusudi. Sisi shuleni tulifundishwa kuhifadhi ni kupanda miti, kuzuia mifugo na kuzima moto. Hawa wanafanya kinyume cha yote matatu. Nani amekosea? (Msomaji, Wareham)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na baridi. Hakuna aliyekosea. Ulichofundishwa wewe ni kanuni ya msitu, na hapo unapotembea si msitu.

Mimi nimeongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miaka 24. Wengi waliokuja kwa ajili ya ndege walikuwa Waingereza. Usiku, tukiwa tumesimama kimya kwenye ule udongo mwekundu tukimngoja bundi mdogo wa Sokoke atoe sauti, muda wa kuzungumza ulikuwa mwingi. Mmoja wao kazi yake ilikuwa kutunza nyika ya hetha huko huko Dorset. Nilimuuliza swali hili hili lako, na alinijibu mpaka bundi akalia tukamkosa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za nyika hizo kila ninapozipata.

Uwanda wako zamani ulikuwa msitu. Watu wa enzi ya shaba, miaka 3,000 hadi 4,000 iliyopita, waliufyeka wapate kulima na kulisha. Udongo wa pale ni kichanga, na mvua ilipoupiga bila majani ya kuukinga, rutuba ilizama chini. Mashamba yakachoka, yakawa malisho. Hapo ndipo hetha ilipojitandaza, maana yenyewe haitaki rutuba, inaishi pale mimea mingine inaposhindwa. Baada ya hapo kila kizazi kilitoa kitu kwenye nyika ile. Mifugo ilikula machipukizi. Watu walikata hetha ya kuezekea na ya kutandika zizini, wakakata vile vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano wapate kuni za tanuri, wakachimba mabonge ya udongo wenye mizizi, wakayakausha na kuyatia mekoni. Hakuna aliyerudisha rutuba, na ufukara huo wa udongo ndio ulioilinda nyika.

Nyingi ya ardhi hizo zilikuwa malisho ya pamoja, na baadhi yake bado ni hivyo. Ardhi ina mwenyewe kwa hati, lakini jirani ana haki ya kulisha mifugo yake humo, na haki hiyo hufuata nyumba au shamba, si jina la mtu. Kule New Forest, si mbali sana na wewe, mfalme William alijitengea mahali pa kuwinda mwaka 1079, na mpaka leo wenye haki wanaachia farasi wao wazurure humo. Ukiwaona barabarani ujue kila mmoja ana mwenyewe.

Yalipokuja makaa ya mawe na mbolea ya dukani, watu hawakuihitaji tena nyika. Sehemu zikalimwa, sehemu zikajengwa, sehemu zikapandwa misonobari ya mbao. Zilizoachwa tu, bila ng'ombe wala panga, zilivamiwa na mbegu za miti zinazoruka na upepo. Tangu mwaka 1800 Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika za hetha za nyanda za chini. Na hizo chache zilizosalia ni karibu asilimia 20 ya nyika za namna hiyo duniani. Ndiyo maana unawaona watu wazima wameinama wanang'oa mche wa msonobari mrefu kama kidole.

Utauliza mti mmoja una ubaya gani. Wewe ni mtu wa pwani, umeona kasa akipanda ufukweni usiku. Kasa hayalalii mayai yake, huyafukia akarudi baharini, na joto la mchanga ndilo linaloyaangua. Sasa hapo Dorset yupo mjusi wa mchangani, ambaye dume lake huwa na mbavu za kijani kibichi wakati wa kupandana. Jike huchimba kwenye mchanga ulio wazi, juani, akafukia mayai mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita, kisha akaondoka. Kwenye nchi ya baridi kama hiyo, kivuli cha msonobari kikilala juu ya mchanga ule, hapatoki mjusi. Kwa hiyo watunzaji hukwangua vipande vya ardhi wakaviacha uchi, kwa ajili ya mjusi tu. Uingereza nzima ina aina 6 tu za reptilia wazawa wa nchi kavu, na zote 6 zinapatikana Dorset. Hapo ulipo ni utajiri mkubwa, hata kama kwa jicho la mtu wa Malindi panaonekana pakavu.

Yupo pia kipepeo mdogo wa buluu ambaye kiwavi wake hutoa majimaji matamu. Sisimizi weusi huyalamba majimaji hayo na huku wanamlinda. Na yupo ndege mwenye mkia mrefu na kifua cha rangi ya zambarau mbivu, amepewa jina la mji wa Dartford. Hahami wakati wa baridi, hung'ang'ania vichaka vya miiba akitafuta wadudu. Baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963 ilimwangamiza nchi nzima wakabaki karibu majozi 11. Kwa sababu vichaka vyake vilitunzwa, sensa ya 2006 ilihesabu zaidi ya majozi 3,000. Ninapoambiwa uhifadhi ni kazi bure huwakumbuka hao 11.

Kuhusu moto. Ule wa mzee wako una masharti: huchomwa kati ya Novemba na Machi, ardhi ikiwa na unyevu, ndege hawajaanza kuatamia, mijusi na nyoka wamelala chini. Tena ni kipande kidogo kimoja baada ya kingine, ili pawe na hetha changa hapa na nzee pale. Usiufananishe na moto wa msitu wa Wareham wa Mei 2020. Huo uliunguza karibu hekta 200 wakati viumbe wakiwa katikati ya kuzaa, na palipookotwa majiko ya kuchomea nyama hapakuhitaji maelezo zaidi. Ni moto wote, ila mmoja una mtu amesimama kando yake.

Kitu kimoja nakuomba. Mwezi wa tano au wa sita, jua likishazama, usirudi nyumbani mapema. Kaa pembeni ya uwanda usikie sauti kama cherehani inayozunguka bila kukatika. Huyo ni kirukanjia, ambaye wengine kwetu humwita mpasuasanda na kumwogopa. Dume akiruka hupiga mbawa zake pamoja, pa! Wa huko hutaga chini, juu ya ardhi tupu, na ikifika mwezi wa nane na wa tisa wanafunga safari kuja Afrika. Wengine hupita hapa kwetu Kenya. Huyo ndege ana nyumbani mara mbili, kama wewe. Ukimsikia, niandikie.

SWALI: Ami, shikamoo. Sisi ni kikundi cha kina mama 22 hapa Mambrui. Tumeletewa miche 600 ya mvinje, na tumeonyeshwa ule uwanda wa nyasi wa upande wa mdomo wa mto Sabaki, karibu na vilima vya mchanga, tukaambiwa ni mahali patupu, tupapande. Wachungaji wanatunung'unikia. Na mvua ndiyo hiyo, miche haiwezi kungoja. Tufanye nini? (Kina mama wa Mambrui)

JIBU: Marahaba, dada zangu. Msipande hapo.

Nalisema neno hilo nikijua uzito wake. Serikali ilizindua mwishoni mwa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tangu hapo kila chifu, kila shule, kila chama kinaulizwa kimepanda mingapi. Mlitia nguvu zenu kwa nia njema. Lakini uwanda ule haujakosa kitu.

Nimekulia Mambrui. Nilikuwa nachunga mbuzi wa babu yangu kwenye nyasi hizo hizo, na tulijua nyasi ni fupi kwa sababu mifugo inazila kila siku. Ukienda asubuhi na mapema, kabla jua halijachoma, tembea polepole ukitazama chini. Utaona kandege ka rangi ya nyasi kavu, kifua kina michirizi, miguu ya manjano, kanakimbia badala ya kuruka. Kanakimbia, kanasimama wima, kanatazama, kanadona mdudu kwenye mavi ya ng'ombe, kanakimbia tena. Wachungaji tulikaona kila siku tusijue ni nani. Wataalamu wanakaita Anthus melindae, yaani jina la Malindi limo ndani yake. Dunia nzima kanapatikana Kenya na Somalia tu, na kanachotaka ni nyasi fupi zilizo wazi. Ukiweka miti, kanaondoka. Na kutoka hapo kaende wapi, maana ukanda wa pwani umeshajaa viwanja na mashamba?

Si huyo peke yake. Kati ya mwezi wa nne na wa tisa, pale mtoni hukusanyika ndege wa kahawia wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, wakati mwingine kwa maelfu. Hao wanazaliana Bukini, yaani Madagaska, kisha wanavuka bahari waje wapumzike kwenye mchanga wa Sabaki. Viboko nao hutoka majini usiku wakala nyasi hizo hizo. Mahali wanapokula ng'ombe mchana na kiboko usiku sijui kunaitwaje patupu.

Niwaambie langu. Zamani, nikiwa kijana, tulipanda mvinje karibu 200 na wanafunzi kwenye kiwanja cha nyasi nje ya kijiji. Sikitaji, wenyewe wanakijua. Tulipigwa picha, tukala pilau. Mvinje hauna makosa yake, unakua haraka na hauogopi chumvi. Lakini vijani vyake vyembamba vilianguka mwaka baada ya mwaka, vikajitandika kama mkeka mnene, na chini ya mkeka huo halikuota jani. Baada ya miaka minane hivi nilipita hapo mchana. Palikuwa kimya. Nilifukua kwa mkono mpaka kwenye mchanga nisikute hata panzi. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha ng'ombe wake pale alikuwa ameshawauza, maana hapakuwa na pa kuwapeleka. Hakuwahi kunilaumu, na jambo hilo bado linaniuma.

Basi miche 600 mpeleke wapi? Igawaneni, kila mmoja apate 27 na zitakazobaki zipewe anayeweza kuzimwagilia. Pandeni kwenye mipaka ya mashamba yenu wenyewe. Boriti za mvinje zina soko Malindi na Watamu, na baada ya miaka michache mtakuwa na cha kuuza bila kumwomba mtu. Aliyewaletea akitaka kuhesabu, ahesabu huko, miche ni ile ile. Asiwashawishi pia kupanda mikoko kwenye mchanga wa ufukweni kwa sababu tu miche ya mikoko inapatikana. Mkoko unataka tope na maji ya kupwa na kujaa. Pale mdomoni ipo mikoko iliyojiotea, ilindeni hiyo dhidi ya shoka, inatosha.

Na wachungaji mwaite barazani, msingoje wagombane nanyi kisimani. Wanachokijua kuhusu nyasi hizo ni kingi. Waulizeni ni miezi gani wanapumzisha upande upi, na ni wapi mathenge, ule mti wa miiba, imeanza kuchungulia. Ikiwa ipo, hiyo ndiyo ya kung'oa. Mkitaka kutoa jasho kwa ajili ya uwanda, kazi yenu ni hiyo, kama wale watu wa Dorset na misonobari yao. Kule Tana River tumeona inavyofunga malisho, na kule Baringo mbuzi walipoteza meno kwa maganda yake.

Jingine ni la karatasi. Fuatilieni ardhi ile imeandikwaje. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi yake, malisho yakiwamo, na kuandika kanuni za matumizi. Nawaambia hivi kwa sababu ya msitu wa Dakatcha. Kabla ya 2013 ulikuja huku Magarini mpango wa kufyeka makumi ya maelfu ya hekta wapande mibono ya kutengeneza mafuta ya magari, na neno lililotumika ni hilo hilo, ardhi tupu. Wenyeji wakakataa, mpango ukafa. Kisha mwaka 2013, katika vidimbwi vya msimu vya Dakatcha, kwenye majani ya majini, yakaonekana matundu ya mnana wa Kilifi. Huyo ni ndege asiyepatikana popote duniani ila katika kaunti yetu. Alijulikana kwa wataalamu tangu 1913, na kwa miaka 100 hakuna aliyejua anazalia wapi. Fikirieni trekta lingepita mapema kidogo tu.

Najua nanyi mtaniuliza habari ya moto, kwa kuwa mmesoma barua ya juu. Msichome. Mti wa mrihi wa Dakatcha na wa Arabuko-Sokoke unaota kwenye mchanga mweupe, fukara kama ule wa Dorset, lakini haukulelewa na moto wala panga. Mrihi uliokatwa kwa makaa unachukua umri wa mtu kurudi. Kanuni ya huko haivuki bahari, na ya kwetu haivuki kwenda kwao. Kwanza mtu aijue ardhi yake imelelewa na nini.

Nikija Mambrui kwa arubaini ya shemeji yangu mwezi ujao nitapita kwenu asubuhi, twende uwandani pamoja. Vaeni viatu, umande ni mwingi.

SWALI: Ami, rafiki zangu wanasema yule mnyama wa Gede mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu ni panya, na wanamtega. Ni kweli ni panya? (Kijana, Gede)

JIBU: Si panya, mwanangu. Ni sange, na ukoo wake umo na tembo, pimbi, mhanga na nguva. Ana uzito wa nusu kilo hivi. Dume na jike hukaa pamoja kwenye eneo lao wakiwafukuza wengine, na mahali pake duniani ni huu msitu wetu na vichaka vichache vya jirani. Ukiona mtego wa waya, uondoe na umwambie mlinzi wa magofu. Wanaokula vitu vya msituni kwa njaa wana shida ninayoielewa, ila sange mmoja hashibishi mtu.

Njoo magofuni asubuhi, mara lango likifunguliwa, ukae upande wa miti mikubwa nyuma ya msikiti mkuu. Usitafune kitu. Utamsikia kabla hujamwona, anapekua majani makavu kwa pua. Akikushtukia atapiga mkia chini, tap tap tap, kabla ya kukimbia, na hapo ndipo dhahabu yake inapoonekana vizuri zaidi.